Je, Mkono Unaoandika Wosia Hauna Lawama?



Jumapili moja ya Kwaresima, baada ya Misa, alinifuata binti mmoja niliyemfundisha alipokuwa darasa la tatu. Siku hizi ni karani katika ofisi ya wakili mjini, na kazi yake kubwa ni kupiga chapa hati za wosia na karatasi za mirathi. Aliniamkia, kisha akaniomba tusimame kando chini ya mwembe. Akasema, "Mwalimu, nina swali, lakini majina siwezi kuyataja." Nikamwambia kwamba majina sikuyahitaji. Akaendelea, "Juma hili nimepiga chapa wosia ambao najua utamtupa mtu nje. Wakili ameeleza sheria, mwenye mali ametia sahihi, mashahidi wapo, kila kitu ni halali. Mimi nilipiga chapa tu. Mbona basi sikulala?"

Siku ile sikumjibu. Nilimwomba anipe muda, maana swali lake lilinigusa mahali ambapo mimi mwenyewe nina kidonda. Tena niliona kwamba swali hili si la makarani wa mawakili peke yao. Katika vijiji vyetu wosia nyingi hazikuandikwa na mawakili. Ziliandikwa na walimu, makatekista na makatibu wa vijiji, yaani yeyote aliyekuwa na kalamu na mwandiko unaosomeka. Siku hizi wako pia wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao huwaeleza watu haki zao bila malipo. Na hata wewe usiyeandika, huenda kesho ukaitwa kuwa shahidi. Kwa hiyo yatupasa sote kuuliza: mtu anayeandika matakwa ya mwenzake, je, hushiriki katika haki au dhuluma iliyomo ndani yake?

Yako majibu mawili ambayo watu huyatoa upesi. La kwanza husema, "Mimi ni kalamu tu. Mali si yangu, maneno si yangu, dhambi si yangu." La pili husema, "Mimi nina dhamiri. Nikiona mzee anakosea, nitamrekebisha, hata kama yeye hajui." Mimi nimewahi kusimama juu ya jibu la kwanza, nikajikwaa. Na jibu la pili lilinijaribu baadaye, nusura niangukie upande wa pili. Niruhusuni nieleze yote mawili. Mambo madogo nimeyabadili ili wahusika wasijulikane.

Mwaka 1987, nikiwa mwalimu kijana, niliitwa usiku katika nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa na shamba la machungwa, minazi kiasi, na nyumba ya bati. Chumbani walikuwamo wanawe wawili wa kiume na ndugu yake. Binti yake, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi kwa baba, alikuwa jikoni akipika uji. Binti huyo ndiye aliyemwuguza baba yake muda wa miaka mitano. Mzee alitaja, nami nikaandika: shamba kwa huyu, nyumba kwa yule, minazi wagawane. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza, "Na huyu anayenipikia uji?" Mwanawe mkubwa akajibu kabla ya mtu mwingine yeyote, "Huyo tutamwangalia, baba." Mzee akatazama dari. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu, endelea."

Nikaendelea. Sikuuliza neno. Nilijiambia kwamba nimeitwa kuandika, si kuhukumu. Niliandika vizuri sana, kwa maana chuoni kwetu mwandiko ulikuwa somo lenye alama, nami nilijivunia mwandiko wangu. Mzee alifariki kabla ya mavuno. Haukupita mwaka, shamba likauzwa, na binti akaambiwa atafute pa kukaa. Miaka kadhaa baadaye nilimkuta Tanga, katika soko la Ngamiani, akiuza maandazi. Aliniamkia kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwalimu, ile karatasi ya baba nilionyeshwa. Una mwandiko mzuri." Hakusema zaidi, na mimi sikupata la kumjibu.

Ndugu msomaji, tangu siku ile siwezi kusema kwamba mwandishi ni kalamu tu. Kalamu haisikii, lakini mimi nilimsikia mzee akiuliza. Kalamu haioni, lakini mimi niliona ni nani waliokaa karibu na kitanda na ni nani aliyewekwa jikoni. Swali la yule mzee lilikuwa mlango uliofunguliwa kidogo, nami ndiye mtu pekee chumbani ambaye hakuwa na faida yoyote katika kuufunga. Nilikaa kimya, ukafungwa. Kosa langu halikuwa kwamba niliandika, bali kwamba nilikubali kuandika mahali ambapo mzee hakuwa huru kusema.

Tena sheria yenyewe haimtaki mwandishi awe kipofu. Iko Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza waliileta huku kwetu, na ambayo mahakama zetu zimeitumia katika mirathi ya Wakristo walioacha kuishi kwa mila za kabila. Sheria hiyo inasema kwamba wosia uliopatikana kwa hila, au kwa nguvu, au kwa kumng'ang'aniza mtu mpaka hiari yake ikapotea, ni batili. Angalieni neno hili la kung'ang'aniza. Si lazima mtu ashikiwe panga. Mgonjwa aliyechoka, anayetegemea wanawe wamletee maji, aweza kukubali jambo lolote ili apate kupumzika. Nani atajua kama hiari yake ilikuwapo? Jirani wa mbali hatajua. Atakayejua ni yule aliyekaa na karatasi magotini.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba zawadi ya wosia anayoachiwa shahidi aliyeushuhudia wosia huo haina nguvu. Nazo kanuni za wosia za sheria za mila, zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, zinataka wosia wa maandishi ushuhudiwe na watu wanaojua kusoma na kuandika. Wasipungue wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, yaani mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wasipungue wanne, yaani wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kwa nini wamtake mtu baki? Ni kwa sababu yeye hana fungu lake pale. Amewekwa awe jicho. Na jicho likifumbwa kwa makusudi haliwezi kujitetea kwamba halikuona.

Wala tusidhani kwamba jambo hili halilihusu Kanisa. Sheria ile ya mwaka 1865 iliweka sharti kwamba mtu mwenye ndugu wa karibu asiweze kuliachia Kanisa au shirika la sadaka mali yake kwa wosia, isipokuwa wosia huo uwe umeandikwa miezi 12 au zaidi kabla ya kufa kwake, na kuwekwa mahali pa hifadhi. Huko India Mahakama ya Juu ililifuta sharti la namna hiyo mwaka 2003, kwa sababu liliwabagua Wakristo. Lakini hofu iliyolizaa tunaielewa. Katekista anayeandika wosia karibu na mauti, na ndani yake kuna ekari mbili za Kanisa, ajiulize mara mbili kama ekari zile zimetoka moyoni mwa mgonjwa au mdomoni mwa katekista.

Sasa niseme juu ya lile jibu la pili. Miaka mingi baada ya jambo la yule mzee, mama mmoja mjane aliniomba nimwandikie wosia. Safari hii nilihakikisha tuko wawili tu. Alitaja watoto wake wote akawagawia, isipokuwa kitinda mimba. "Huyo usimwandike," akasema. Nikamkumbuka binti wa maandazi, nikajisemea moyoni kwamba sitarudia kosa. Mama yule hakujua kusoma. Ningeweza kabisa kuongeza mstari mmoja, kumwandikia yule kijana kipande cha shamba, na mama asingejua. Nilidhani huo ungekuwa wema.

Namshukuru Mungu, sikufanya hivyo. Nilimwuliza, "Mama, mbona huyu mmoja unamwacha?" Akakaa kimya, kisha akaniambia mambo ambayo kijiji kizima hakikuyajua: kijana yule alikwisha kupewa fungu lake baba yake alipokuwa hai, akaliuza, na mama alipomkanya alimpiga hata akamvunja mkono. Mimi nilimwona kijana mpole anayeimba kwaya. Ningeongeza ule mstari, ningekuwa nimemdhulumu mama kwa jina la haki.

Basi jibu la pili nalo ni baya, pengine kuliko la kwanza. Anayekaa kimya huiacha dhuluma ipite, lakini anayebadilisha maneno kwa siri huunyang'anya mdomo wa mwenzake. Mtu akifa, wosia ndiyo sauti aliyobaki nayo. Hata Bwana wetu, mtu mmoja alipomtaka amwambie ndugu yake wagawane urithi, alikataa kufanywa mwamuzi na mgawaji juu yao, kisha akawaonya juu ya tamaa (Luka 12). Alikataa kugawa, lakini hakukataa kusema. Tofauti hiyo tuishike sana.

Nilipokuwa nikitafuta namna ya kumjibu yule binti, nilivisoma tena visa viwili katika Kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya 27 Isaka ni mzee, macho yamefifia, anataka kumbariki Esau. Rebeka anasikia, na kwa hila anamvika Yakobo ngozi za mbuzi ili mzee apapase na kudanganyika. Rebeka hakuwa mtu asiyejali. Alikuwa hata na neno la Mungu, aliloambiwa zamani kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Lakini alilitimiza gizani, kwa kuutumia upofu wa mumewe. Matunda yake tunayajua. Ndugu wakawa maadui, Yakobo akakimbia, wala Maandiko hayatuambii kwamba mama na mwana waliwahi kuonana tena. Na Yakobo alipokuwa mzee, wanawe walimdanganya yeye naye, kwa damu ya mbuzi iliyopakwa kwenye kanzu.

Kisa cha pili ni katika sura ya 48. Sasa Yakobo ndiye mzee asiyeona vizuri, na Yusufu amemletea wanawe wawili awabariki. Yusufu anamweka Manase, aliye mkubwa, upande wa mkono wa kuume wa babu yake. Lakini mzee anavuka mikono, wa kuume unakwenda juu ya Efraimu, aliye mdogo. Yusufu anachukizwa. Afanyeje? Anaushika mkono wa baba yake, anataka kuuhamisha, na anamwambia waziwazi kwamba sivyo, mkubwa ndiye huyu. Mzee anakataa, anasema anajua. Ndipo Yusufu anauacha mkono.

Hapa ndipo nilipoliona jibu langu. Wote wawili, Rebeka na Yusufu, walisimama karibu na mzee asiyeona wakati wa kugawa baraka, na wote wawili waliona jambo lisilowapendeza. Rebeka alimzunguka mzee. Yusufu aliushika mkono wake na kusema naye, kisha akamwachia uamuzi uliokuwa wake. Mimi, mwaka 1987, sikufanya kama Rebeka wala kama Yusufu. Nilikaa tu nikatazama mikono.

Kwa hiyo wajibu wa mwandishi wa wosia, awe wakili, karani, msaidizi wa kisheria, mwalimu au katekista, nauona kuwa ni wa namna tatu.

Kwanza, amsikilize mwenye wosia akiwa peke yake. Warithi watoke nje, hata wale wema, hata yule anayepika uji. Mashahidi wataingia wakati wa kutia sahihi. Ndugu wakikasirika kwa kutolewa nje, hasira hiyo yenyewe ni habari.

Pili, aushike mkono. Amwulize juu ya kila aliyesahauliwa: "Mzee, fulani hukumtaja. Umesahau au umekusudia?" Sheria za mila zenyewe zinamruhusu mtu kumnyima mrithi wake kwa sababu maalum tu. Sababu hizo ni kama vile mrithi kujaribu kumwua, au kuacha kumtunza wakati wa njaa na ugonjwa pasipo sababu ya haki. Tena zinamtaka aseme waziwazi katika wosia kwamba anamnyima, na kwa nini. Kuuliza basi si utovu wa adabu. Ni sehemu ya kazi. Na amwambie pia yale ambayo huenda hayajui, kwamba hawezi kuusia kisicho chake, na kwamba mali aliyochuma pamoja na mke wake si yake peke yake.

Tatu, baada ya kusema, auachilie mkono. Aandike maneno ya mwenyewe, amsomee polepole, neno kwa neno, wala asiongeze wala kupunguza. Kama dhuluma imebaki, itakuwa ya mwenye wosia mbele ya Mungu, na mwandishi atakuwa ametimiza sehemu yake kwa kusema. Lakini kama karatasi yenyewe ina uongo, kwa mfano inamkana mtoto ambaye kila mtu anamjua, au mwenye wosia akili zimemtoka na wengine wanasema kwa niaba yake, hapo aweke kalamu chini na aseme wazi kwamba haandiki. Kukataa mchana ni haki yake. Kubadilisha gizani si haki ya mtu yeyote.

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni madogo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua kesi ya bibi mmoja wa mkoa wa Kagera. Baba yake alikuwa amemwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka, bila mtu wa kumtunza, alimwuzia shamba mtu asiye wa ukoo. Mwana wa ndugu yake akadai kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya alimpa bibi haki, akitegemea Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Uamuzi huo unatajwa hata leo. Lakini kabla ya Jaji kulikuwa na baba aliyemtaja binti yake, na watu waliomsikia wakakubali jina lile libaki. Mimi niliyeacha jina la binti lipotee najua thamani ya jambo hilo.

Haya ndiyo niliyomjibu yule karani. Nilimwambia, "Binti yangu, wewe huna mamlaka ya kubadili neno hata moja, wala usitoe siri ya ofisi kwa mtu yeyote. Lakini wakili wako unaweza kumwendea. Mwambie ulichokiona, umwombe amwulize mwenye mali mara moja tena, wakiwa wawili. Baada ya hapo piga chapa kwa uaminifu." Majuma machache baadaye aliniambia kwamba alikwenda, na wakili hakumkemea. Matokeo yake hakunieleza, na mimi sikuuliza, kwa maana siri ile si yetu.

Sasa neno la mwisho ni kwenu mlio na mali, iwe kubwa au miche kumi ya michungwa. Msimtwishe mwandishi mzigo wenu usiku wa manane. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, katika utaratibu wa kuwazuru wagonjwa, kinamwagiza kasisi amwonye mgonjwa ambaye hajapanga mali yake aandike wosia, ataje madeni yake na yale anayowadai wengine. Tena kinaagiza kwamba watu wakumbushwe mara kwa mara kufanya hivyo wakiwa bado wazima. Wazee wetu wa Kanisa walijua kwamba kitanda cha ugonjwa si mahali pa kufikiri vizuri. Andikeni mkiwa na nguvu za kutembea kwenda kwa wakili, au kwa msaidizi wa kisheria, au katika ofisi za RITA, ambako wosia huandikwa na kuhifadhiwa. Na kama mna neno gumu juu ya mtoto fulani, mwambieni angali anaweza kuwajibu.

Na yule binti wa maandazi? Nilirudi Ngamiani mwaka uliofuata, nikamtafuta, nikamweleza jinsi baba yake alivyouliza habari zake usiku ule, na jinsi mimi nilivyonyamaza. Jambo hilo hakulijua kamwe. Alilia, kisha akanisamehe. Shamba halikurudi. Lakini alisema kwamba kujua kuwa baba yake aliuliza kulimtosha kuliko machungwa. Nami nawasihi, ndugu zangu, mtu akiuliza mbele yenu swali kama lile la mzee, msiache lipite bila jibu.